Jicho Lililofunikwa Kanga

Siku ya sitini ya eda ya Bi Mwanakombo, mlango wake ulitangaza kwamba hakuna mtu ndani. Mimi nilikuwa nimesimama barazani kwake, hatua mbili kutoka kwenye mlango huo, nikimsikia akikohoa.

Heri nisimulie mwenyewe, maana hapa Chumvini yapo masimulizi matano ya siku ile, na katika matatu mimi ndiye mchawi.

Jumatano ile asubuhi nilikuwa kwangu, nyumba namba kumi na nne, na ungo wa mchele magotini. Baraza ilijaa kama kawaida. Mimi sijui kukaa peke yangu. Nikikaa peke yangu hata chai hainishuki. Mama Kidawa alikuwepo. Saumu msusi alikuwepo na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama. Tulipopepeta mchele tulipepeta na majina ya watu. Ndani, dirishani, mama yangu Bi Hadia, ambaye huu ni mwaka wa tatu yuko kitandani tangu kiuno kivunjike, alikuwa akitulalamikia.

"Semeni kwa sauti! Mnaninong'onezea nini? Umbeya wenu mimi nitampelekea nani?"

Ndipo Tausi akaja mbio, kikapu cha dagaa kikimpigapiga pajani. Tausi ni wifi yake Bi Mwanakombo, dada wa marehemu mumewe, na ndiye aliyekuwa akilala naye ndani tangu msiba.

"Balozi! Balozi Mwantumu! Mlango umenikataa!"

"Umechoka kukuona," Mama Kidawa akasema. "Miezi miwili unaingia unatoka kama paka wa buchani."

Tukacheka. Tausi hakucheka.

"Nimetoka kununua dagaa tu. Narudi, naweka kiganja, unaniambia ruhusa ya mgeni imekwisha kwa sababu mwenyeji hayupo. Nikauambia mwenyeji yumo. Ukasema hayumo. Mwantumu, wifi yangu yumo ndani!"

Niliuweka ungo chini. Nilikumbuka jambo moja ambalo wenzangu hawakulifikiria, na lilinipita mgongoni kama maji ya barafu.

*

Nyumba namba ishirini na moja ilikuwa imeshateremsha mapazia yake ya chuma. Kwa kawaida hushuka usiku tu. Saa nne asubuhi, jua la Februari limeshaanza kuuma shingo, nyumba ile ilikuwa imefumba macho yote. Juu ya mlango taa ya kijani ilikuwa imegeuka ya manjano, na Bawabu, ile mashine inayolinda na kuhesabu kila nyumba ya mtaa, alikuwa akisema kwa ile sauti yake ya kiume, ya upole, kama mwalimu wa madrasa anayekukaribisha kwenye bakora.

"Nyumba namba ishirini na moja imeachwa na mtumiaji. Siku sitini zimetimia. Hakuna mtu ndani. Nyumba inarudi kwa mwenye mali. Dawa ya kusafisha itaanza baada ya dakika thelathini. Tafadhali kaeni mbali."

Dawa ile tunaijua. Mwaka jana ilipulizwa nyumba namba tatu walipohama wenyewe. Kesho yake mlango ulipofunguka tulikuta mijusi, mende, na paka wa Saumu aliyekuwa amejificha darini, wote migongo chini.

"Bi Mwanakombo!" nikapiga kelele.

Kikohozi. Kisha sauti yake, nyembamba, kutoka nyuma ya chuma: "Mwantumu? Mbona giza? Nani kafunga?"

"Bibi, nenda sebuleni! Ondoa ile kanga kwenye jicho! Simama mbele yake likuone!"

"Nimeshaiondoa, mwanangu. Jicho limezimika. Jeusi kama mwiko wa ugali ulioungua."

Niliinua mkono wangu wenye pete ya ubalozi nikaigusisha mlangoni. Sisi mabalozi wa milango hatuna makubwa: tunaruhusu wageni, tunapunguza sauti, tunapokea malalamiko. Ila pete yetu inaweza kufungua mlango wowote ule wa mtaa iwapo mtu wa ndani ameanguka, ameungua au amefungiwa.

"Pete ya balozi hufungua nyumba yenye mtu," Bawabu akasema. "Hakuna mtu ndani."

"Yumo! Msikilize anavyokohoa!"

"Hakuna mtu ndani."

Nikapiga simu kwa mwenye mali. Simu ikaita mara moja, ikapokelewa, na sauti iliyopokea ikawa ni ile ile. Ilinishukuru kwa kupiga. Ilisema ombi langu limefika na litajibiwa ndani ya saa arobaini na nane. Nililia, nikatukana, nikaapa kwa kaburi la baba. Ikanishukuru tena.

Tausi alikuwa amekaa chini, dagaa wamemwagika mapajani. Akaniuliza lile swali nililokuwa nikilikimbia.

"Kwa nini mlango haujui kwamba yumo? Si amekaa humo siku zote hizi?"

Kwa sababu yangu mimi.

Mzee Shekue alipofariki, mjane wake akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje, amevaa nyeupe, hajipambi. Siku ya kwanza tu alinishika mkono. "Mwantumu, hili dume la ukutani linaniamkia kila nikipita. Linaniita kwa jina. Linanitazama nikienda kuoga. Mimi ni mtu wa eda, mwanangu, naona haya." Nikamwelewa. Nani asingemwelewa? Kioo cha sebuleni tulishakigeuza ukutani, basi na jicho la Bawabu tukalifunika. Nilileta kanga yangu mwenyewe nikaifunga kwa misumari minne. Kisha kwa pete yangu nikazima sauti ya ndani, nyumba ikatulia. Wanawake wote waliokuwepo matangani walinisifu. Walisema balozi ana adabu ya kuzaliwa nayo.

Bawabu hana habari na eda. Yeye anamjua mtumiaji kwa jicho la ndani na kwa kiganja kinachowekwa mlangoni kwa nje. Bi Mwanakombo hakutoka, kwa hiyo hakugusa mlango. Jicho lilikuwa na kanga, kwa hiyo halikumwona. Maji yaliyotumika na moto uliowashwa Bawabu aliviandika kwa wageni, na wageni walikuwa tele. Baada ya siku thelathini alianza kumwita kwa jina asubuhi na jioni, lakini nilikuwa nimemziba mdomo. Baada ya siku arobaini na tano alituma onyo kwenye simu ya mtumiaji wa kwanza. Mtumiaji wa kwanza ni Mzee Shekue, na simu yake ilikuwa kabatini, imeviringishwa ndani ya kanzu yake ya Ijumaa. Leo siku ya sitini mgeni wa mwisho alipotoka kwenda kununua dagaa, nyumba ikahesabu, ikapata sifuri, ikazima macho isipoteze umeme.

Ni mkataba tulioutia saini sote. Mkazi ni mtumiaji. Mlango ni wa mwenye mali.

"Dakika ishirini na tano," Bawabu akasema.

*

Hemedi alikuwa karakanani kwake mwisho wa mtaa, kontena la chuma lisilo na Bawabu, akinyoosha rimu ya baiskeli. Zamani, makufuli yalipokuwa makufuli, yeye ndiye aliyekuwa fundi wake mji mzima. Ni mgane mwenye ndevu za kijivu, mtu wa swala tano, msema kidogo. Nilimweleza nikihema. Hakuniuliza mara mbili. Aliteremsha grenda ya betri kutoka kwenye ndoano, akaigeuza, akatazama diski yake.

"Ulimi wa ule mlango ni chuma cha unene wa vidole gumba viwili," akasema. "Diski ninayo hii moja. Dakika tano, na itaishia hapo hapo. Kukata nitakata, Balozi. Lakini unajua kitakachofuata."

Najua. Chumvini nzima inajua. Milango yote ya mtaa imeunganishwa kwenye mfumo mmoja, thelathini na minane. Ukichokonoa mmoja, yote inajifunga, mapazia yanashuka, umeme unakatika, hata pete ya balozi haisikilizwi tena, mpaka mwenye mali atume mtu wake kutoka Dodoma aje ahakikishe mali yake iko salama. Wao wanaiita kinga.

Miaka miwili iliyopita, mtaa wa Msufini, kijana mmoja alijaribu kufungua mlango wake kwa bisibisi. Mtaa ulijifunga kwa muda wa saa tisa. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Asia, nyumba ya sita, na uchungu wa kuzaa umemshika. Mimi siku ile nilikuwa nimeenda huko kutembea, kupiga soga. Nilikaa kibarazani kwake pamoja na watu mia. Tulimsikia. Tulikuwa tukimwambia sukuma, pumua, sukuma. Niliendelea kumwambia pumua muda mrefu baada ya yeye kunyamaza.

"Basi tuwatoe watu kwanza," nikasema.

"Kwa kuwaambia nini? Kwamba Hemedi anavunja mlango?"

Nilifikiri. "Watakimbilia ndani kuokoa magodoro."

"Na mapazia yatawashukia humo humo na magodoro yao. Wengine watakuja kunishika mkono. Na haki watakuwa nayo, Mwantumu. Nyumba ni zao kuishi, na watoto wao wamo. Wewe na mimi nani katupa ruhusa ya kuwafungia milango watu nyumba thelathini na nane?"

Hakuna aliyetupa. Hilo nalisema leo kama nilivyolijua siku ile. Lingekuwa jambo la kikao, watu wakae, wabishane, waapizane, wakubaliane. Kikao cha Chumvini hakijawahi kuisha chini ya saa tatu.

Nikafungua kibao cha ubalozi mkononi. Kila nyumba ilionyesha watu wake: nne, mbili, saba, sifuri, tano. Namba ishirini na moja: sifuri. Ile sifuri ilikuwa ikinitazama.

"Hemedi. Ni kitu gani kinaweza kumtoa mtu wa Chumvini ndani mbio, hata mwenye chungu motoni, hata mgonjwa wa homa?"

Tulitazamana. Nikaona anavyoelewa, rangi ikamtoka mpaka kwenye midomo.

"Hapana."

"Fumanizi."

"La nani?"

"Langu na lako."

"Mwantumu, mimi ni mtu wa msikitini!"

"Ndiyo maana watakuja. La mlevi nani atalitokea?"

Alifumba macho. Alisema maneno machache ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Kisha akavaa miwani yake ya kukatia chuma.

*

Mama Kidawa na Saumu niliwaambia ukweli, haraka, nyuma ya ukuta wa msala. Mama Kidawa ana koo la kuitia mnada. Kazi yake: aseme tumejifungia karakanani, awavute watu wote wafike kule mwisho kabisa, mbali na milango. Hemedi apite uchochoroni atokee namba ishirini na moja. Mimi na Saumu tumtoe mama yangu kwa shuka. Mama ni mzito, anataka watu wawili.

"Tumtoe sasa hivi kwanza," Saumu akasema, chanuo bado limo nyweleni.

"Balozi akionekana anambeba mama yake barabarani, kila mtu atauliza kuna nini. Wakishauliza tumekwisha. Ngoja watoke, kisha tunaingia."

Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu. Nilijiona nina akili.

"Dakika kumi na mbili," Bawabu akasema kule mbele, kwa upole.

Mama Kidawa akakazia kanga kiunoni, akavuta pumzi.

"Fumaniziii! Jamani Chumvini, fumanizi! Balozi Mwantumu kakutwa na Fundi Hemedi karakanani! Mchana kweupe! Fumaniziii!"

Nimezaliwa mtaa ule na sijawahi kuuona ukitoka vile. Milango ilifunguka kama karata zinazopigwa. Wanawake wenye mikono ya unga, watoto wa chanjo na watoto wa shule, babu mmoja na povu la ndevu nusu uso, mgonjwa wa matende aliyekuwa hatoki hata kwa Idi. Kwenye kibao namba zilishuka: saba ikawa tatu, tatu ikawa sifuri. Tano, sifuri. Nne, moja, sifuri. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya msala nikihesabu, na, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiwasikia wakisema nilivyokuwa siku zote najifanya.

Nyumba thelathini na saba zikasoma sifuri. Namba kumi na nne: mmoja.

"Twende," nikamwambia Saumu.

Tulikuwa tumebakiza milango mitatu tufike kwangu. Sauti ya mtoto ikasema nyuma: "Yule paleee! Anakimbia!"

Wakageuka. Mtaa mzima ukageuka ukanijia.

Sitawalaumu. Mimi mwenyewe nimewahi kukimbilia mafumanizi nikiwa na ujauzito wa miezi minane. Walinidaka kwenye kona ya nyumba ya kumi na saba. Walinishika mikono, kanga ikabaki mkononi mwa mtu, vigelegele vinapasua hewa. Saumu walimsukumia ukutani.

"Leo balozi kafunguliwa mlango!"

"Ulitusema wote! Mwanangu alipofumaniwa si wewe ulitembeza habari mpaka Pongwe?"

"Mama yangu yumo ndani!" nilipiga kelele. "Niachieni, mama yumo ndani!"

"Sasa ndiyo unamkumbuka mama? Ulipokuwa karakanani hukumkumbuka?"

Wakacheka. Kadiri nilivyosukumana nao ndivyo walivyozidi kunishika. Yale maneno niliyotaka kusema, mlango unavunjwa, yalinifika kooni, na nikaona mlango wa kila mmoja ukiwa wazi nyuma yake, hatua tano, hatua kumi, watoto wanaruka ruka vizingitini. Neno moja tu na wote wangerudi ndani.

"Dakika sita. Tafadhali kaeni mbali."

Juu ya vichwa vyao, mbele, nikamwona Hemedi barazani kwa Bi Mwanakombo, miwani usoni, grenda mkononi, haijawashwa. Alikuwa akinitazama. Diski ilihitaji dakika tano.

"Balozi!" aliita. "Bi Hadia katoka?"

Nilitega sikio nimsikie Bi Mwanakombo akikohoa. Sikumsikia. Labda zilikuwa kelele za watu. Labda alikuwa amekaa chini gizani na mkono mdomoni. Nilimwona Asia wa Msufini, ambaye sikuwahi kumwona uso. Nilimwona mama kitandani, jagi la maji mbali na mkono, feni ya dari inazunguka. Feni itasimama. Bati, mapazia ya chuma, Februari.

Ningesema bado, Hemedi asingekata. Namjua. Angesimama pale na grenda yake mpaka dakika ziishe, kisha angebaki na kifo cha Bi Mwanakombo kifuani maisha yake yote. Ningesema bado lakini kata, kifuani angebeba cha mama yangu.

"Katoka!" nikasema. "Kata!"

*

Chuma kilipogusana na chuma, Bawabu alisema neno moja kwa milango yote thelathini na minane kwa pamoja: "Mali imeguswa."

Kisha milango ikaanza kujifunga. Pa. Pa. Pa. Kutoka mwanzo wa mtaa kuja kwetu, mlango mmoja baada ya mwingine, mapazia yakiserereka kama vyuma vya maduka wakati wa ghasia. Mikono iliyonishika ililegea. Vigelegele vilikatika katikati. Mwanamke aliyeshika kanga yangu alinirudishia bila kunitazama, kisha akaanza kuita majina ya watoto wake, na watoto wakaitika wote, walikuwa hapo hapo miguuni pake.

Nilifika kwangu nikaukuta mlango umeshafungwa. Ulikuwa na joto la jua.

Kule mbele grenda ililia, ikalia, ikaanza kuchoka, ikafa. Hemedi akaupiga mlango teke, ukaingia ndani.

Bi Mwanakombo alitoka akishika kuta, amevaa nyeupe, uso umelowa jasho, siku ya sitini ya eda yake, mbele ya mtaa mzima, wanaume wakiwemo. Hemedi aligeuza uso ukutani. Na hapo hakuna aliyemwambia mwenzake. Wanawake walifungua kanga zao wakamzunguka, ukuta wa kanga pande nne, Tausi katikati amemkumbatia na dagaa wake. Wakaelewa. Niliona uelewa ukipita mtaani kutoka uso hadi uso, mbio kuliko umbeya.

"Kwa hiyo fumanizi..." mtu akaanza.

"Nyamaza wewe," Mama Kidawa akasema.

Hemedi alikuja kwangu akitembea, kisha akaniona nilivyokaa, mgongo kwenye mlango wangu, akaanza kukimbia.

"Uliniambia katoka."

Niliupiga mlango kwa kiganja.

"Mwantumu. Uliniambia katoka!"

"Nani huko nje?" Sauti ya mama, kutoka ndani, ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Nani kafunga dirisha? Feni imefanya nini?"

Nilibandika mdomo kwenye ufa wa mlango. "Ni mimi, mama. Jua kali. Tumefunga kidogo."

"Mbona unahema?"

"Nimekimbia."

Hemedi alikuwa ameshaondoka. Alirudi na nyundo na tindo, maana diski ilikuwa imekwisha na betri imekufa na umeme mtaa mzima hakuna. Chuma cha unene wa vidole gumba viwili, kwa mkono. Akapiga magoti, akapiga pigo la kwanza. Liliacha alama ndogo kama ukucha.

Bawabu wa mlango wangu, anayekula betri yake ya akiba, alisema: "Watu ndani ya nyumba namba kumi na nne: mmoja."

Mtu wa Dodoma angefika saa kumi na mbili jioni, au kesho. Ilikuwa bado saa tano haijagonga.

"Mwantumu," mama akasema. "Nimesikia umefumaniwa."

Watu walikuwa wamekuja wote, wamekaa chini barabarani, kwa kuwa pa kwenda hawana. Hakuna aliyecheka.

"Ndiyo, mama."

"Na Hemedi wa baiskeli?"

"Ndiyo."

Nyundo ikapiga mara tatu. "Afadhali," mama akasema. "Nilidhani na yule muuza mkaa. Hebu anza mwanzo, usiruke. Na useme kwa sauti, nina kiu na nimechoka kunong'onezewa."

Nikaanza. Nilimhadithia fumanizi ambalo halijatokea, kwa sauti, mbele ya kila mtu aliyewahi kukaa barazani kwangu. Nilisema alivyoniangalia kwanza akinitengenezea jiko. Nilisema alivyoniletea papai. Hemedi hakuinua kichwa, alipiga tu, na mikono yake ilipotoka damu babu mwenye povu la ndevu akampokea nyundo, kisha Saumu, kisha yule mwanamke ambaye habari za mwanawe nilizitembeza mpaka Pongwe. Bi Mwanakombo alisema hataki kupelekwa mtaa mwingine. Alikuja akakaa kwenye kizingiti changu ndani ya ukuta wake wa kanga, bega lake kwenye bega langu. "Eda yangu naimalizia hapa," alisema, "mpaka huyu atoke."

Kila baada ya dakika kumi Bawabu alisema: mmoja. Lile jicho la chumbani kwa mama nilikuwa nimelichukia miaka mitatu. Sasa nilikuwa nikilisubiri lifungue mdomo kama anavyosubiriwa daktari mlangoni. Mmoja. Mmoja. Na maswali ya mama yalipungua. Mwanzo aliuliza kila sentensi. Kisha kila papai. Kisha akawa anaitika tu, ee. Bati lilikuwa likilia kwa joto.

Ikafika ile mara ambayo hakuitika.

"Mama?"

Saumu akashusha nyundo. Mtaa mzima ukanyamaza, watu mia mbili, nikasikia jua.

"Mama, ndipo Hemedi akaniambia neno. Unataka kulijua?"

Hakuna.

"Watu ndani ya nyumba namba kumi na nne," Bawabu akasema, akakwama. Hajawahi kukwama. Bi Mwanakombo alinishika mkono mpaka pete ya ubalozi ikanikata kidole. Betri yake, nilijiambia, ni betri yake tu, na sikuamini.

"Mmoja!" mama akasema kutoka ndani, kwa sauti kavu kama jani. "Mmoja, mshenzi wewe, hata mimi najua kuhesabu. Mwantumu, akakwambiaje?"

Nilimtazama Hemedi. Alikuwa amekwishainuka, mikono imefungwa vitambaa, anamnyang'anya Saumu nyundo.

"Mwambie mama yako," akasema, "nilikwambia nakuja."

Akapiga.